Mlango wa Ziwa Hoikka

Lehtovaara,
Siku ya theluji ya kwanza

Kaka yangu mpendwa Oiva,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, ambaye bado anapumua na bado ana hasira, na vyote viwili vinampa joto. Natumai wewe na wifi Kirsti hamjambo, na kwamba goti lako limetulia tangu uliporudi mjini Turku. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima. Asubuhi nakohoa kidogo, lakini hivyo nilikuwa nakohoa tangu usichana wangu na sijawahi kubaki ndani kwa sababu hiyo. Theluji imeanza kudondoka tangu alfajiri. Nimeshatoa skii zangu za kutelezea na kuzipaka lami ya msonobari, na nyumba nzima inanuka kama enzi za baba.

Rauha rafiki yangu anakusalimu. Alisema niandike hivyo hivyo, kwamba anakusalimu, kisha akaongeza neno ambalo sitaliandika kwa sababu huenda wifi naye akaisoma barua hii.

Barua yako imenifikia. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, maana sikuamini kuwa imeandikwa na mtoto wa mama yetu, Hilma Juntunen. Unasema ule mlango mpya wa kibanda cha Hoikka uwe umerudi kwenye bawaba zake kabla theluji haijashika, la sivyo utakuja na fundi wa kufuli kutoka mjini aufunge huo wa zamani. Unasema ile kampuni ya utalii uliyoipangisha kibanda chetu imekwisha kuwaahidi wageni wake kibanda kwa majira yote, wageni wa skii, wa mitumbwi, wa uyoga na wa kutazama mianga ya angani. Tena unauliza kwa mara nyingine mlango uko wapi. Nitakujibu yote, Oiva, lakini kwa mpango wangu. Wewe ulitangulia kuzaliwa, ila mimi ndiye niliyebaki huku.

Kwanza nikukumbushe, maana naona Turku inasahaulisha. Baba alipokijenga kile kibanda, alikitengenezea mlango wa mbao za msonobari na komeo la mti linalofunguka ukiwa ndani au nje. Si kwamba hakuwa na kufuli. Lilikuwapo, lilifungia ghala. Jirani alimwuliza, "We Vilho, huogopi wezi?" Baba akamjibu kwamba mtu aliyekatiza msitu wote ule kwenye theluji ili aibe sufuria, basi hiyo sufuria ameitolea jasho, na aende nayo.

Na sheria unaijua. Kibandani mwenye haki ni yule aliyefika mwisho. Wewe uliyetangulia umeshaota moto, umeshakausha soksi, umeshakunywa kahawa yako. Akitokea mwingine, unasogea. Nafasi ikiwa hakuna, wewe ndiye wa kufunga skii na kuondoka, si yeye. Na kila anayeondoka anaacha kuni kavu ndani, maganda ya mti wa betula ya kuwashia, vijiti vilivyochongwa tayari, na kiberiti nusu wazi, njiti zimechomoza, ili mtu ambaye vidole vimekufa ganzi aweze kuzivuta hata kwa meno. Wewe mwenyewe ulichapwa na mama kwa kuacha kiberiti kimefungwa. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimekaa pembeni ya jiko nikifurahi.

Wewe unazungumza habari za mwaka mzima kana kwamba kampuni ndiyo iliyotuletea mwaka. Sisi tuko pale Januari kwa skii, na Machi tumekaa juu ya barafu na vifimbo vyetu vya kuvulia, migongo juani. Juni mbu wanatula sisi, nasi tunakula samaki, tunahesabu tumetoshana. Julai tunatoka sauna tukiwa wekundu na kujitosa ziwani. Agosti ni hilla, zile beri za njano za kinamasini, Septemba ni uyoga na beri nyekundu, Oktoba wawindaji wanaanika makoti yao kwenye kamba ya baba. Hakuna aliyewahi kututundikia bango la kutuambia kwamba tunaburudika.

Sasa nakuja kwenye Januari iliyopita, ambayo nilikusimulia kwa simu na hukunisikiliza. Leo utasikiliza, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati.

Kampuni ilikuja na mlango wake wa chuma kabla ya Krismasi, wenye kitasa cha namba. Ule wa baba wakautupa nyuma ya banda la kuni. Hawakumwambia mtu kijijini, nawe hukuniambia hata mimi. Basi siku hiyo ya Januari Rauha akatoka kwa skii peke yake, kama anavyotoka tangu tulipokuwa wasichana. Baridi ilikuwa ile inayokugandisha kope. Katikati ya ziwa akaingia kwenye maji yaliyojificha juu ya barafu chini ya theluji, na mguu wake wa kushoto ukalowa hadi goti. Hakushtuka. Kila mtu wa hapa anajua, mguu ukilowa, kimbilia Hoikka. Akakimbilia Hoikka. Akakuta chuma na vitufe.

Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi. Alibonyeza namba alizozifikiria mpaka vidole vikakataa. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuvunja dirisha. Akanitazama kama nimetukana. "Kile kioo Vilho alikileta mgongoni, kakifunga na blanketi lake mwenyewe," akasema. "Nikivunje mimi? Ningemwambia nini nikikutana naye huko alikotangulia?" Kwa hiyo akaenda kwenye banda la kuni, ambalo halina mlango, akawasha moto pale chini, akavua soksi na kukaa. Mzee Sulo Moilanen alikuwa anavua samaki upande wa pili wa ziwa. Aliona moshi unatoka mahali ambapo moshi hautoki, akaja. Baridi ilikwisha kula vidole viwili vya mguu.

Nilipomfikia hospitali, Rauha aliniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, Oiva, kwa kuchoma kuni zetu na kuondoka bila kuacha nyingine. Hapo nililia. Sikulilia vidole, vidole ni vyake na yeye mwenyewe anavifanyia mzaha, anasema sasa viatu vya skii havimbani tena. Nililia kwa aibu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona aibu kuitwa Juntunen, na siku ile niliona.

Nikakupigia. Unakumbuka ulichosema? Mimi nakumbuka. Ulisema, "Taimi, mlango ni mali yetu. Mtu akitaka joto, si apange mapema." Kana kwamba mguu hupanga siku yake ya kulowa. Kisha ukasema unanihurumia mimi, kwamba nimezeeka, kwamba kampuni itakitunza kibanda na paa lake, na kwamba unaogopa siku moja nitakutwa nimelala thelujini. Najua huruma hiyo ni ya kweli, ndiyo maana sikuitupa simu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka yangu, na huruma ya Turku haikaushi soksi za mtu aliye Hoikka. Nitakufa, ndiyo. Hata huko kwenu watu wanakufa, tena wakiwa wamefunga milango barabara.

Machi nikaenda mwenyewe kuuona huo mlango. Upepo ulikuwa umeanza kuinua theluji, na bomba lilikuwa linatoa moshi. Nikagonga. Kijana mmoja mwenye ndevu akachungulia dirishani, akaniambia kwa adabu, "Samahani mama, hapa tumekodi sisi." Nikamwambia, "Na mimi nimefika mwisho." Hakuelewa. Alidhani baridi imenipanda kichwani. Lakini nyuma yake alikuwapo mkewe, anaitwa Veera, bibi yake ni wa Kuusamo, mtu wa misitu kama sisi, na yeye alielewa papo hapo. Nikamsikia anamwambia mumewe, "Inuka hapo kwenye benchi. Leo huyu mama ndiye mwenye nyumba." Akanifungulia.

Ni watoto wazuri, sina neno nao. Walinipa supu ya samaki yenye chumvi nyingi, nami nikaila yote. Niliwafundisha kuchonga vijiti na kuacha kiberiti wazi, na yule kijana alichonga vijiti vibaya sana kwa bidii sana. Kisha nikawasimulia habari za Rauha. Halafu Veera akanitajia namba za mlango bila hata kuombwa, akisema yeye hawezi kulala usiku akijua kwamba anazo na mimi sina. Nilicheka, Oiva, nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe ufunguo wa kibanda cha baba ni mwaka aliozaliwa kaka yangu. Rauha alijaribu mwaka wa baba, wa mama, wa vita na wa kujengwa kibanda. Wako haukumjia akilini, na simlaumu.

Veera akaniuliza jambo lingine wakati ananisindikiza nje. Aliuliza, "Mama, huu mlango ukiwa wazi, si unanyanyuka tu kutoka kwenye bawaba kama mlango mwingine wowote?" Nikamjibu kwamba ndivyo, unanyanyuka. Nilifunga skii nikarudi nyumbani kabla upepo haujazidi.

Basi Juni kampuni ikakupigia kwamba mlango haupo, mahali pake uko ule wa msonobari. Agosti ukaja mwenyewe, mwekundu usoni, na kabla hujavua koti ukaniuliza. Nilikuambia kwamba haujapotea, uko mahali ambapo watu wanauhitaji, na kwamba tuchume hilla kwanza. Ulinung'unika, lakini uliposikia hilla masikio yalisimama.

Hapa nikuambie nilichokuwa nafikiri. Mama hakumwonyesha mtu kinamasi chake cha hilla, hata baba. Alinionyesha mimi peke yangu, mwaka wa mwisho wa miguu yake, na akaniapisha. Wewe umeuliza habari za kinamasi hicho tangu ulipokuwa na nywele. Hata wakati wa mazishi yake uliniuliza. Mtu wa hapa ataazimisha mke kabla hajaonyesha hilla zake, wewe unajua. Na mimi nilikupeleka. Nilivunja kiapo cha mama kwa sababu niliwaza kwamba ukiinama pale alipokuwa anainama, moyo wako utarudi nyumbani, nasi hatutahitaji tena kugombana juu ya chuma.

Tulikwenda watatu, wewe, mimi na Rauha na fimbo yake. Ulilalamikia goti njia nzima. Tulipokaribia kijito cha Korongo ukaanza kukunja suruali, maana unakumbuka jinsi mama alivyokuwa akizama pale kila mwaka na kurudi na sketi imelowa mpaka kiunoni. Ukakuta daraja. Ulisimama ukalitazama. Ukalikanyaga kwa mguu mmoja, kisha ukaruka juu yake mara kadhaa, wewe na goti lako, na halikutikisika. "Nani kajenga hili?" ukauliza. "Huyu mtu anajua kazi. Kampuni ingekuwa na watu wawili wa namna hii, tungekuwa mbali." Kisha ukakaa juu yake ukining'iniza miguu, ukala mkate mweusi na samaki wa kukaushwa, ukasema hujawahi kula kwa raha hivyo tangu utotoni. Rauha aligeuka akakohoa ndani ya skafu yake kwa muda mrefu. Ulimpa pole.

Na kule kinamasini, ulipoona ile njano yote mpaka kwenye ukingo wa misonobari, ulivua kofia. Nilikuona umekuwa yule mvulana niliyekuwa nikimfuata nyuma nikilia anisubiri, na nikaamini mambo yamekwisha. Uliondoka na ndoo yako imejaa. Sasa badala ya asante umeniletea fundi wa kufuli.

Basi sikia jibu lako.

Mlango niliung'oa mimi, Aprili, asubuhi moja ambayo theluji ilikuwa imeshika ngozi ngumu kiasi cha kubeba mtu na mzigo wake bila kuzama. Wewe unajua kwamba vitu vizito vya msituni husafirishwa siku hizo, kabla jua halijailegeza njia. Nilikwenda na Rauha, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameruhusiwa kuvaa viatu, na Mzee Sulo na ubao wake mrefu wa kuburutia magogo. Nilibonyeza mwaka wako wa kuzaliwa, mlango ukafunguka, tukaunyanyua. Sulo, ambaye huongea mara moja kwa wiki, alisema, "Mzito." Tulipofika nusu ya njia akatumia na neno la wiki iliyofuata, akasema jeneza la mama mkwe wake halikuwa hivi. Ule wa baba tuliufuta theluji tukautundika pale pale ulipokuwa. Komeo liliingia mahali pake bila hata kupigwa nyundo.

Na huo wa chuma tuliuburuta mpaka kijito cha Korongo, tukaulaza juu ya magogo mawili ya Sulo, ukatoka ukingo hadi ukingo. Tuliupaka lami, tukaupigilia wavu wa kuku usiteleze, tukauziba pembeni kwa mbao. Upande wa vitufe umeangalia maji. Vyura ndio wanaoijua namba sasa, na hawamzuii mtu.

Umeuliza uko wapi. Umeukanyaga, Oiva. Umeurukia. Umekaa juu yake ukala mkate na ukamsifu aliyeujenga. Mlango wako unapitisha kijiji kizima kwa miguu mikavu, wachuma hilla, watoto wa shule na watu wa skii, na hata wale wageni wa kampuni wakitaka. Hiyo ndiyo kazi nzuri pekee uliyowahi kufanya, na mimi nimeisimamia.

Ukiutaka, njoo uuchukue. Lakini uje na mbao za kuweka mahali pake, maana Rauha amesema hatalowesha tena mguu kwa ajili ya mlango ule ule.

Na huyo fundi wa kufuli mlete, usisite. Nitakuwa ndani. Kesho Sulo ananisaidia kupeleka magodoro, kahawa na gunia la viazi, na Rauha atakuja Jumapili tukianza kuvua. Majira haya ya baridi nakaa Hoikka, na mlango hauwezi kufungwa kwa nje wakati mwenye nusu ya kibanda yuko ndani anapika. Mwambie fundi alete skii, barabara inaishia kwa Sulo. Tutampa chakula. Akitaka kufunga kitu, lipo dirisha la sauna linalopitisha upepo.

Lakini wewe mwenyewe ukija, nitakuambia jinsi itakavyokuwa. Utagonga theluji kwenye viatu, utavuta komeo, nalo litafunguka. Nitaondoka kwenye benchi la karibu na jiko, maana utakuwa umefika mwisho na sheria itakuwa upande wako, si upande wangu. Ukisema nitoke, nitafunga skii nitoke, bila ugomvi. Sitavunja sheria ya baba hata kwa ajili ya kukushinda. Ila ukishaketi pale na soksi zako zinatoa mvuke, Oiva, mwingine atagonga nyuma yako. Na wewe ndiye utakayeinuka kumfungulia.

Nakuletea chupa ya hilla kwa posta, zile za mama. Nusu ni ya wifi Kirsti, usimdhulumu. Msalimie sana, na umwambie atakuta kitanda cha juu kikavu akichoka na mji. Rauha, Mzee Sulo na mbwa wote wa Lehtovaara wanakusalimu. Lichue goti lako kwa mafuta ya lami kabla ya kulala, usione haya ya harufu.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na asiyekuogopa,

Taimi

Nimesahau jambo moja. Kuni zipo, na kiberiti kipo pale pale dirishani, nusu wazi.